Google Earth na podikasti kwenye shamba langu la mihogo: uzoefu wangu

Vuli hii nililipia trekta ekari 3. Mwenye trekta alikadiria kwa macho, na tangu utotoni nasikia shamba letu ni ekari 3, sikubisha. Jioni mwanangu akafungua Google Earth kwenye simu, tukagusa kona moja moja: mwembe, mfereji, mnazi wa jirani, hadi mstari ukajifunga. Mita za mraba 9,400. Ekari moja ni kama mita 4,047 za mraba, kwa hiyo hata ekari 2 na nusu sifiki.

Hela ya trekta ilishakwenda. Mbegu nilikuwa sijanunua, na hapo ndipo niliponusurika. Muhogo ukipandwa mita 1 kwa 1, ekari inakula pingili (vipande vya shina vya kupandia, ndiyo mbegu yake) kama 4,000. Badala ya 12,000 nikaagiza 9,500. Ila mkiwa na ugomvi wa mpaka msiuamue kwa simu: nilipozunguka kwa miguu na GPS, chini ya miembe ilikuwa inayumba mita kadhaa.

Podikasti za kilimo nazipakua nikiwa kwenye mtandao mzuri, nasikiliza wakati wa palizi. Nyingine zinachosha, salamu tu zinamaliza dakika 10. Lakini kipindi kimoja kilinisimamisha na jembe mkononi. Muhogo una magonjwa mawili makubwa: batobato unaiona kwenye jani. Michirizi kahawia, ule wa pili, unaweza kukuficha, mti umesimama vizuri, ukikata muhogo ndani umeoza, mkavu kama kizibo. Na ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu mara ya kwanza mwaka 1936, na mtafiti Storey, kituo cha utafiti cha Amani. Amani hii hii ya Muheza, kwenye milima ninayoiona kila asubuhi! Miaka yote hiyo sisi tunaulaumu udongo.

Basi kabla ya kupokea pingili nilikwenda shambani kwa muuzaji, nikamwomba tuchimbe mashina matatu. Mawili meupe safi. La tatu lilikuwa na madoa ya kahawia katikati. Sehemu ile yote niliikataa, zilizopungua nikachukua kwa jirani.

Sasa ramani ina alama mbili: mbegu za muuzaji ziko upande wa mfereji, za jirani upande wa mwembe. Zikikomaa nitachimba kila upande nikate, nijue msimu ujao nachukua pingili wapi.