Felt: gita mbele, mwimbaji nyuma

Ndani ya miezi minne nimenunua CD tatu za bendi moja, jambo ambalo sijalifanya tangu enzi za kununua kanda pale Tanga. Bendi yenyewe ni Felt, ya hapa hapa Birmingham, mji ninaoendesha basi mwaka wa tisa sasa. Nilielekezwa na fundi mmoja wa karakana yetu, mzee wa Kiingereza asiyeongea sana. Siku hiyo wakati wa chai nilikuwa nasikiliza Mbaraka Mwinshehe kwenye simu. Yule mzee akasimama na kikombe chake mpaka solo ikaisha, ndipo akasema, "Basi wewe utampenda Maurice Deebank." Hakutaja bendi kwanza, wala mwimbaji. Alianza na mpiga gita, nikajua huyu anasikiliza muziki kama sisi.

Nilianza na albamu yao ya kwanza, Crumbling the Antiseptic Beauty, iliyotolewa na kampuni ya rekodi ya Cherry Red mwaka 1982. Ina vipande sita, na nusu saa imeisha. Kipande cha kwanza hakina mwimbaji kabisa. Gita moja linatembea taratibu bila haraka ya kufika, la pili linapita juu yake likidokoa noti moja moja, kisha yanapokezana. Deebank alisomea gita la kiklasiki, na inasikika: havuti nyuzi wala hapigi kelele, kila noti anaiweka mahali pake na kuiacha ilie mpaka ikate yenyewe. Mtu aliyelelewa na dansi atalielewa jambo hili upesi. Baba yangu alipiga rithimu kwenye bendi ndogo ya hotelini, na nyumbani tulifundishwa kusikiliza solo na rithimu zikijibizana kabla hatujajua maneno ya wimbo yanasema nini.

Kuna kitu kingine kilichonichukua mizunguko mitatu ya basi kukigundua: hakuna matoazi. Gary Ainge anapiga ngoma tupu, dum dum, kwa sababu kiongozi wa bendi hakutaka ile sauti ya shaba. Ndiyo maana gita lina nafasi kubwa hivyo, hakuna kinachong'ang'ania nalo kule juu. Ila onyo: ngoma zikiwa hivyo, albamu nzima inakuwa na giza fulani. Siipigi asubuhi.

Kiongozi mwenyewe anaitwa Lawrence, hilo moja tu, jina la ukoo halitumii. Rekodi yao ya mwanzo, ya 1979, aliirekodi chumbani kwake kwa redio kaseti. Hesabu ya bendi ni ya kushangaza: albamu kumi na singo kumi ndani ya miaka kumi, kisha 1989 wakafunga duka. Hawakungoja kuchuja, wala hawakurudi baadaye kuomba mashabiki. Sauti yake si ya kuimba hasa, ni ya kuongea huku akiburuza maneno, na katika zile rekodi za mwanzo kaifukia chini ya magita. Mara ya kwanza nilidhani spika ya gari langu imekufa upande mmoja.

CD ya pili niliyonunua ni Ignite the Seven Cannons ya 1985, na hii nitasema kweli: imenigawa. Iliongozwa studioni na Robin Guthrie wa bendi ya Cocteau Twins, mtu anayependa mwangwi, na mwangwi ukizidi gita la Deebank linakuwa kama limefungiwa bafuni. Katika toleo la 2018 baadhi ya nyimbo zimechanganywa upya na zimesafishika, kwa hiyo ukiinunua tafuta hilo toleo. Wimbo mmoja tu unatosha kulipia CD nzima: Primitive Painters, ambao Elizabeth Fraser, naye wa Cocteau Twins, anaingia na ile sauti yake ya kupaa huku Lawrence akiendelea kusemasema chini yake. Ulishika namba moja kwenye chati ya rekodi za kampuni ndogo hapa Uingereza. Redio kubwa hazikuwahi kuwabeba namna hiyo. Na baada ya albamu hii Deebank akaondoka.

Bendi nyingi ninazozijua, solo akiondoka, ndiyo mwisho. Kwetu tumeona mara ngapi? Mpiga solo anahamia bendi nyingine na nusu ya wapenzi wanamfuata. Lawrence alifanya tofauti: kile kiti hakukipa gita jingine, alikipa kinanda. Martin Duffy alikuwa ameingia bendini akiwa hajafika hata miaka 20, na kwenye Forever Breathes the Lonely Word ya 1986, waliyoitoa kwa kampuni nyingine, Creation, kinanda chake kimejaa kila kona. Hii ndiyo CD yangu ya tatu na ndiyo bora. Nyimbo nane, nusu saa nyingine, safari hii mwimbaji anasikika vizuri na nyimbo zina mwendo. Kwenye jalada kuna uso wa kijana mwenye nywele ndefu. Wiki nzima niliamini ndiye Lawrence. Kumbe ni Duffy! Kiongozi kamweka mpiga kinanda mbele ya jalada, yeye kajificha. Miaka miwili baadaye alifika mbali zaidi: kwenye Train Above the City hakupiga wala kuimba chochote, aliwaachia Duffy na Ainge wapige mambo ya kijazi, yeye akatoa majina ya nyimbo tu. Duffy baadaye alikwenda bendi ya Primal Scream, na alifariki Desemba 2022.

Na bado mtu huyu alitaka umaarufu, hakuficha. Baada ya Felt aliunda Denim, na mwaka 1997 walikuwa na singo tayari inayoitwa Summer Smash. Princess Diana akafa kwenye ajali ya gari, kampuni ikaiondoa sokoni kabla haijatoka. Nilipoisoma hii nilicheka kwanza, halafu nikaona haya.

Kuhusu ununuzi wenyewe. Cherry Red walizitoa upya albamu zote kumi mwaka 2018, na matoleo ya CD ni kisanduku chenye santuri ndogo ya inchi 7, beji na bango. Sauti ni safi. Vile vikorokoro sivihitaji, sina hata cha kupigia santuri. Cha kwanza nilikinunua mtandaoni kwa mtu binafsi, kikanifikia kona moja imebonyea na beji hazimo, na muuzaji akanijibu eti "muziki si upo?" Sikumrudishia, kwa sababu muziki kweli ulikuwepo. Hizo nyingine mbili nilikwenda kuzishika kwa mkono dukani. Anayeanza achukue Forever Breathes, kisha ile ya kwanza kama anapenda gita. Anayetaka muziki wa kuchezea mguu aniulize mimi, nitampa nyimbo za Jamhuri Jazz bure.

Nilimtumia Baba kile kipande cha kwanza cha 1982 kwa WhatsApp. Alikaa kimya siku mbili, kisha akanipigia usiku. "Huyu wa solo ana adabu," akasema. "Lakini mwanangu, mwimbaji wao yuko wapi, kachelewa basi?" Nikamwambia yupo Baba, ndiye mwenye bendi. Akanyamaza kidogo, akasema nimtumie na kinachofuata.