Kamusi ya vinyume ya elfu tano: mnunulie mwalimu, si mtoto

Nimekipata Ngamiani, Tanga, kwa muuza vitabu vya mtumba: kijikamusi cha Kiingereza cha visawe na vinyume, cha kuingia mfukoni. Jalada limeng'oka, kwa hiyo hata jina lake silijui. Alianzia elfu nane, tukaelewana elfu tano. Nafundisha tuisheni watoto wa kidato cha pili, na zoezi la vinyume huko halikwepeki.

Maneno yamo tele, hapo sina ubishi. Shida ni namna yalivyomwagwa. Fungua accept: mwishoni wamepanga decline, deny, refuse, reject, basi. Hakuna mfano wala maelezo, mtoto achague linalompendeza. Na kwa kuwa "kukataa" kwetu kunabeba karibu yote hayo, mtoto haoni hatari. Binti mmoja akaniletea: "My aunt denied the tea." Loo! Deny ni ya mtu aliyeambiwa kaiba kuku, akasema si mimi. Chai shangazi ana-refuse, na kama ni mtu wa adabu zake ana-decline, akisema ahsante, nimeshakunywa. Reject ina ukali wake: ombi la mkopo limepelekwa benki, likatupwa nje. Tena refused to come ni sawa, declined to come ni sawa, lakini rejected to come usithubutu kuandika kwenye mtihani. Yote haya nimeyaeleza mimi ubaoni. Kijitabu kimenyamaza kimya.

Daktari Peter Mark Roget, alipotoa kamusi yake ya visawe London mwaka 1852, aliweka dhana zinazopingana ubavu kwa ubavu, uone ipi inapambana na ipi. Hiki changu vinyume kimevitupa mkiani, kwa herufi za kutafutia miwani.

Kwenye raise nakipa haki yake. Wamegawa kwa namba: raise ya bei kinyume chake lower, raise ya jengo kinyume chake demolish. Wangefanya hivyo kila mahali ningekisifu mpaka sokoni.

Mwalimu, kwa elfu tano chukua, kitakuokolea muda wa kuandaa mazoezi. Mzazi, usimwachie mtoto peke yake nacho. Na kabla hujatoa hela, kagua kurasa za nyuma: changu kinaishia kwenye submit.