Basari Katika Ofisi ya Mbunge: Huduma Niliyoipata Mombasa

Kaunti ya Mombasa ina maeneobunge 6, na ofisi ninayoizungumzia, ambayo sitaitaja jina, ni ya mojawapo ya hayo. Nilikwenda kumwombea basari mpwa wangu wa kidato cha tatu, nikiwa na fomu iliyopigwa muhuri na chifu pamoja na barua ya shule inayoonyesha salio la karo.

Nilichokipenda zaidi ni mapokezi. Mama aliyeketi mezani aliisoma fomu mstari kwa mstari, akagundua kwamba namba ya usajili wa mwanafunzi ilikuwa imepungua tarakimu moja, akaniambia, "Mwanangu, ukiiacha hivi hundi itarudi," kisha akaipigia shule kwa simu yake mwenyewe. Mbunge sikumwona, wala sikumhitaji.

Kasoro ilikuwa katika muda. Hundi ya shilingi 5,000 iliandikwa baada ya mtoto kukaa nyumbani wiki mbili, na orodha ya waliofaulu ilibandikwa mlangoni kwa maandishi madogo mno hata wazee wakawa wanaomba kusomewa.

Fedha hizi si sadaka ya mheshimiwa, ingawa bango la nje lenye picha yake kubwa linaashiria hivyo. Ni za hazina ya maeneobunge iliyoanzishwa mwaka 2003, ambayo Sheria ya 2015 huitengea angalau asilimia 2.5 ya mgao wa serikali kuu katika mapato ya taifa. Mahakama Kuu iliamua Septemba 2024 kwamba sheria hiyo inakiuka Katiba na kwamba hazina ikome ifikapo 30 Juni 2026; mwenye fomu asichelewe kuipeleka.