Kwenda Mfangano: tanga au injini?
Kutoka mji wa Mbita hadi kisiwa cha Mfangano, katika Ziwa Victoria upande wa Kenya, boti ya injini hukufikisha mapema. Kama una mgonjwa au mzigo wa samaki, panda hiyo bila kuwaza.

Lakini kwa anayetaka kuvijua visiwa vyenyewe, mimi nachagua tanga. Ziwa Victoria lina upepo wake: alfajiri huvuma kutoka nchi kavu kwenda majini, mchana hugeuka ukaelekea ufuoni. Wavuvi wa tanga wameutegemea tangu zamani, wakitoka na ule wa kwanza na kurudi na wa pili. Ukisafiri hivyo unawasikia ndege wa kisiwa cha Takawiri kabla hujauona mchanga wake mweupe na minazi, wala hakuna harufu ya petroli puani. Mkifika Mfangano, pandeni hadi Kwitone muone michoro ya kale mwambani, nyekundu na nyeupe. Mkikutana na mzee wa Kisuba, jamii ya wenyeji wa visiwa hivi, njiani, msalimieni na mumsikilize, mtajifunza mengi.

Upepo ukifa, au wingu jeusi likitanda, injini ni bora, nakiri. Ila karibu na Kisumu magugumaji hujisokota kwenye propela, na hapo ni kupiga kasia tu. Jaketi la kuokolea maisha livaeni kabla ya kung'oa nanga, kwa chombo chochote kile.