Chemba ya mawingu au CosmicWatch: kipi kiingie darasani?

Vyote viwili huonyesha chembe zisizoonekana za mionzi, hasa ile itokayo angani. Chemba ya mawingu haina makuu: boksi la kioo, kitambaa kilicholoweshwa spiriti ya isopropili, bamba jeusi la chuma, na chini yake barafu kavu ya nyuzi −78 za Selsiasi. Zima taa, washa tochi, na vijiuzi vya ukungu vinajichora vyenyewe chembe zinapopita. Ni katika chemba ya mawingu, ingawa ya muundo tofauti, mwanafizikia Carl Anderson aligundua positroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya) mwaka 1932. Tatizo ni barafu kavu: ikiisha, somo limeisha. Tena kifaa hakihesabu chochote.

CosmicWatch, iliyobuniwa katika chuo cha MIT, Marekani, ni kipande cha plastiki kinachomweka chembe inapopita, kihisi cha mwanga cha silikoni na Arduino (kompyuta ndogo ya bodi moja) inayohesabu. Vipuri ni takriban dola 100, lakini lazima mtu ajue kulehemu. Inabebeka mkononi. Usawa wa bahari, muoni (chembe ya mionzi itokayo angani) kama 1 hupita kila sentimita ya mraba kwa dakika. Ipandishe mlimani uone hesabu ikiongezeka. Ukiweka mbili, moja juu ya nyingine, na kuhesabu pale tu zote mbili zinapohisi chembe kwa wakati mmoja, unachuja mionzi ya mawe na kuta.

Mimi ningenunua CosmicWatch. Ila siku ya kwanza ningeazima chemba.