Makato ya Huduma Tusizojiunga Nazo: Tathmini ya Duka la Huduma kwa Wateja Jijini Dodoma

Kwa muda wa miezi miwili hivi, Mama Mkubwa wangu, ambaye anaishi Mpunguzi na kulima zabibu, alikuwa akinieleza jambo ambalo mwanzoni nililichukulia juujuu. Kila akikwangua vocha ya shilingi 1,000 na kutaka kununua kifurushi cha bei hiyo hiyo, simu inamjibu kwamba salio halitoshi. Alidhani macho yake yanamdanganya katika kuingiza namba. Siku nilipokwenda kumsalimia, nilikwangua vocha mwenyewe mbele yake, nikaangalia salio kwa *102#, nikakuta limebaki shilingi 750, na kabla sijamrudishia simu zikaingia SMS mbili kutoka namba fupi mbili tofauti. Ya kwanza ilikuwa na matokeo ya mpira, ya pili ilikuwa na nyota za siku. Mama Mkubwa hafuatilii mpira, na mambo ya nyota anayakataa kwa imani yake.

Ninaandika tathmini hii kuhusu namna tulivyohudumiwa tulipolifikisha suala hilo kwenye duka la mtandao wake lililopo katikati ya jiji la Dodoma, umbali mfupi kutoka Nyerere Square. Mtandao wenyewe sitautaja jina, kwa kuwa ninayoyaeleza yatamfaa mteja wa mtandao wowote.

Kwanza ni vyema kueleza makato haya yanavyofanyika, kwa sababu watu wengi huyachanganya na wizi wa moja kwa moja. Kampuni inayotoa maudhui, yaani habari, dua, vichekesho, milio ya simu au michezo ya kubahatisha, hupewa namba fupi na kuunganishwa na mitandao ya simu. Mteja akishaorodheshwa kwenye huduma hiyo, kila SMS anayopokea inakatwa kwenye salio lake la kawaida, na mapato hugawanywa kati ya kampuni ya maudhui na mtandao. Makato hujirudia kila siku hadi mteja ajitoe. Salio likiwa halipo, mtambo haukati tamaa. Unasubiri na kujaribu tena, na ndiyo maana fedha humezwa dakika ile ile vocha inapoingia. Kuunganishwa kwenyewe kunaweza kutokea kwa kutuma neno kwenye namba fupi, kwa kupiga menyu ya nyota na reli, kwa kugusa tangazo ukiwa kwenye intaneti ya simu, au kwa kubonyeza OK kwenye ujumbe unaojitokeza wenyewe kwenye kioo. Njia hii ya mwisho ndiyo inayowaumiza zaidi wazee wenye simu za vitochi.

Nilianza kwa kupiga 100, namba ya huduma kwa wateja. Sauti iliyorekodiwa ilinipitisha kwenye vifurushi, fedha mtandao na ofa mpya, na sikusikia mahali popote inapotajwa huduma za SMS za kulipia. Baada ya kusubiri dakika 17 nilimpata muhudumu, akaniambia kwa adabu kwamba anaweza kuzifunga huduma hizo, lakini maelezo ya lini na vipi laini iliunganishwa hayapo mbele yake. Zaidi ya hapo, laini imesajiliwa kwa jina la Mama Mkubwa, hivyo masuala ya kurejeshewa fedha yanamhitaji yeye mwenyewe. Hilo sikulipinga, kwa kuwa usajili wa alama za vidole umewekwa ili mtu mwingine asiamue mambo ya laini isiyo yake.

Basi Jumatatu iliyofuata alipanda daladala ya asubuhi, akashuka mjini, tukaingia dukani saa tatu na robo. Duka ni safi, viti vipo vya kutosha, tiketi za foleni zinatolewa mlangoni, na wazee na wajawazito hupitishwa mbele bila kulazimika kuomba. Kwa hilo ninawapongeza kwa dhati. Tulisubiri chini ya dakika kumi.

Kijana aliyetuhudumia alisimama, akamwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Salio langu linaliwa, nataka kumjua anayelila."

Kijana aliichukua simu kwa mikono miwili, akaitazama, kisha akauliza kama aliwahi kukopa salio, kwa sababu deni la mkopo wa salio nalo hukatwa vocha ikiingia. Lilikuwa swali la haki, na jibu lake lilionekana kwenye kompyuta yake: hakuna deni. Akafungua ukurasa mwingine na kuziona huduma mbili, ya mpira kwa shilingi 150 kwa siku na ya nyota kwa shilingi 100 kwa siku. Akazifunga zote mbili papo hapo, SMS za kuthibitisha zikaingia tukiwa bado tumekaa, akatabasamu na kusema, "Tayari mama, hutakatwa tena."

Wateja wengi huinuka hapo na kuondoka wakishukuru. Mimi niliuliza alijiunga lini, kwa njia gani, na kumbukumbu ya ridhaa yake iko wapi. Uso wa kijana ulibadilika, nadhani ni kwa sababu hakuwa amewahi kuulizwa, wala si kwa ubaya. Akasema mfumo wake hauonyeshi hayo na kwamba maswali hayo huulizwa kampuni ya maudhui. Nilimjibu kwamba Mama Mkubwa hana mkataba wala mazungumzo na kampuni ya maudhui. Vocha alinunua ya mtandao, na mtandao ndio ulioikata. Nikaomba kumwona msimamizi wake.

Msimamizi, mama wa makamo mwenye miwani, hakubishana. Alitukaribisha kwenye meza ya pembeni, akapiga simu mbili, na baada ya dakika kama arobaini akaja na karatasi moja iliyochapishwa. Karatasi ile ndiyo iliyotufanya tuone safari haikuwa bure. Huduma ya mpira ilikuwa na tarehe, saa 20:14, na maneno kwamba mteja alithibitisha kwa kubonyeza kitufe. Ilikuwa imekata mara 51, jumla shilingi 7,650. Huduma ya nyota ilikuwa imekata mara 43, jumla shilingi 4,300, lakini sehemu ya njia ya kujiunga ilikuwa tupu kabisa.

Tulimsomea Mama Mkubwa. Akafikiri kidogo, akasema saa mbili usiku huwa ameshavua miwani, na simu ikiwasha taa ikiwa na maneno kwenye kioo yeye hubonyeza kitufe cha katikati ili yaondoke. Kitufe cha katikati kwenye kitochi chake ndicho OK. Kwa mujibu wa mtambo, huyo ni mteja aliyeridhia kulipa shilingi 150 kila siku. Kwa mujibu wa akili ya kawaida, ni mzee aliyekuwa akizima taa alale. Sikubali kwamba kubonyeza mara moja, bila swali la pili linalotaja bei na bila mteja kuandika chochote, ni ridhaa, na nilimweleza msimamizi hivyo.

Uamuzi wao ulikuwa nusu kwa nusu. Shilingi 4,300 za huduma ya nyota walikubali kuzirejesha kwa sababu hawakuwa na kumbukumbu yoyote. Shilingi 7,650 za mpira walikataa. Niliomba namba ya malalamiko, ambayo hawakuitoa hadi nilipoiomba, na msimamizi akaiandika kwa kalamu nyuma ya ile karatasi. Waliahidi saa 48. Fedha ziliingia siku ya nne, tena kama salio la kupigia, ingawa vocha nyingi za Mama Mkubwa hununuliwa kwa fedha ya zabibu aliyoihesabu mkononi. Nauli yake ya kwenda na kurudi haikuzungumzwa.

Kwa hiyo kwa heshima na utu nawapa nyota tano kati ya tano, kwa kasi ya kufunga huduma nyota tano, na kwa uwazi nyota mbili. Kujitoa ni jambo jepesi, hata kwa SMS yenye neno la kujitoa kwenda namba ile ile fupi. Kuonyeshwa uliingizwaje ndiko kunakohitaji mtu mwenye nafasi ya kukaa saa mbili mjini na ujasiri wa kumwita msimamizi. Mambo haya yanajulikana duniani: mwaka 2014, kampuni ya AT&T ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 105 kumaliza mashauri ya makato ya aina hii, na dola milioni 80 kati ya hizo zilitengwa kuwarejeshea wateja. Mtandao ukipata sehemu ya kila makato, mteja asitarajie kwamba utakuwa wa kwanza kumwuliza kama aliridhia.

Kwa anayekusudia kufuatilia suala kama hili, yapo machache yaliyotusaidia. Usifute zile SMS, kwa sababu namba fupi na saa ya kuingia ndivyo vitu vya kwanza utakavyoulizwa. Piga *106# uhakikishe laini iko kwa jina lako kabla ya kupoteza nauli. Namba 15040, ambayo wengi huikimbilia, ni ya kupelekea ujumbe wa matapeli. Malalamiko ya makato huanzia kwa mtoa huduma wako, na usiporidhika unayapeleka Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Kati hapa Dodoma. Huko utaulizwa ulijibiwa nini na mtandao, na hapo ndipo namba ya malalamiko inapokuwa na thamani. Kijana wa mapokezi pia alitushauri kununua kifurushi moja kwa moja kutoka kwenye fedha mtandao, ili fedha isipite kwenye salio la kawaida ambako makato husubiri. Ni ushauri mzuri, na ninasikitika kwamba unahitajika.

Madai ya shilingi 7,650 nimeyaandikia barua, Mama Mkubwa ameweka saini, na nakala ya ile karatasi imeambatishwa. Tuliomba pia laini yake ifungwe kabisa isiweze kuunganishwa na huduma yoyote ya kulipia. Msimamizi alisema wanaweza kuzuia namba fupi zile mbili, lakini ujumbe unaojitokeza kwenye kioo hawawezi kuuzuia kutokea dukani. Jumamosi iliyopita nilikuwa Mpunguzi, na usiku ule kioo kiliwaka tena kikiwa na maneno. Mama Mkubwa alinyoosha mkono, akaipapasa meza hadi akaipata miwani, akaivaa, ndipo akabonyeza kitufe chekundu.