Fundi wa gomesi pale Kiyembe, kama mama yenu anagombea mpelekeni kwake

Hii naiandika kwa ajili ya akina mama wanaogombea uongozi au wanaofikiria kugombea, na watoto wao wanaotumwa Kampala kutafuta fundi wa gomesi, lile gauni refu la heshima la Kiganda lenye mabega yaliyochongoka na mkanda, kama nilivyotumwa mimi. Duka liko Kiyembe, kwenye zile koridoo za vitambaa, unapanda ngazi mpaka ghorofa ya pili, vyerehani vinne na kioo kirefu kimoja. Jina silitaji kwa sababu kuna kasoro nitaisema na sitaki kumharibia mtu riziki. Ulizia tu Hajati wa gomesi.

Shangazi yangu aligombea udiwani, kiti cha wanawake, huku kwetu Luweero. Sisi ni Wanubi wa Bombo, nyumbani tunaongea Kinubi na Kiswahili, gomesi yeye anavaa siku za harusi tu, lakini wapiga kura wengi ni Waganda wa vijijini na mwanamke akisimama mbele ya wazee wakati gomesi imemlegea mabegani, minong'ono inaanza hata kabla hajatoa salamu. Mwanaume anakuja na shati lake lile la jana hakuna anayemtazama. Inaniuma lakini ndivyo ilivyo. Basi tukapanda takisi asubuhi na kitambaa chetu mita sita tumeshanunua, kizuri, kinang'aa, cha manjano.

Hajati alikiangalia hicho kitambaa akakikunja akakirudisha kwenye mfuko. Akauliza, "Nnyabo, unasimama na chama gani?" Shangazi akasema mgombea binafsi. "Sasa hii manjano watu watakuhesabu wa chama cha NRM ukiwa hujashuka hata kwenye gari." Akaanza kutuhesabia, nyekundu ni NUP, bluu FDC, kijani DP, akamtuma kijana wake duka la jirani wakakubali kutubadilishia, tukaongeza elfu 30 tukapata rangi ya kahawa yenye maua ya dhahabu. Hiyo peke yake ilinifanya nimheshimu, maana angeweza kushona tu achukue hela yake.

Halafu vipimo. Wengine wanakupima umesimama, basi. Huyu alimwambia shangazi apige magoti kama anasalimia wazee, ainuke, apige tena, huku yeye amechuchumaa pembeni anatazama kitambaa kinavutaje kwenye nyonga pale mkanda unapokaa. Kisha akamletea stuli, akamwambia panda, mkono mmoja umekamata ukuta, kwa sababu kwenye kampeni utapanda pikapu mara kumi kwa siku na vijana wako chini wanatazama. Ile kikoi ya ndani akaishona kwa mishono miwili isishuke. Mabega akayapunguza ncha kidogo, anasema yakichongoka sana unaonekana bibi harusi, watu wanashangilia nguo wanasahau maneno. Ufundi tulilipa elfu 80.

Tulikaa pale masaa karibu matatu, na nikwambieni ukweli hayo masaa ndio yaliyonifanya niandike. Kila mama anayeingia anaulizwa nguo ni ya nini na kama ni ya siasa basi wote wanachangia. Mmoja akasema hivi viti vya wanawake ni vya kubebwa, mtu mwenye nguvu agombee jimbo. Mama mwingine wa Kamuli alimgeukia kwa hasira kabisa, akamuuliza Kadaga alitokea wapi, si kiti cha wanawake cha Kamuli, na akaenda kuwa naibu spika wa Bunge 2001, spika 2011, mwanamke wa kwanza kukikalia kile kiti miaka kumi mizima? Na Nabbanja je, mbunge wa kiti cha wanawake Kakumiro, 2021 kawa waziri mkuu, hajawahi kuweko mwanamke pale kabla yake. Mimi nikaongezea wa kwa jirani zetu, Mama Samia, 2000 aliingia Baraza la Wawakilishi Zanzibar kwa viti maalum, jimbo la Makunduchi alikuja kulipata 2010, akawa makamu 2015 na rais Machi 2021. Ule mlango watu wanaoudharau ndio huo aliopitia.

Shangazi alikuwa kimya muda wote, amesimama kwenye kioo na pini mabegani, ndipo akasema yeye 1994 alikuwa bado anasoma, redio ikatangaza Dokta Kazibwe kawa makamu wa rais, mwanamke wa kwanza Afrika kushika cheo hicho na ni daktari wa upasuaji, na marehemu bibi yetu akamwita atoke jikoni aache sufuria aje asikilize. Sufuria iliungua. Bibi hakugomba. Hilo sikuwahi kulisikia nyumbani, nimelisikia kwa fundi.

Kasoro sasa. Alituahidi Alhamisi, tukaipata Jumamosi usiku saa tatu, na shangazi alikuwa anarudisha fomu Jumatatu, simu hazipokelewi, mimi nimekaa kwenye ngazi za duka roho iko juu. Mtu wa kampeni hawezi kusubiriwa hivo, siku yake haihamishwi. Na kifungo kimoja, ile pea ya upande wa kushoto, kilikatika wiki ya pili tukakishona wenyewe. Kwa hiyo mwambieni tarehe inayotangulia siku yenu kwa siku nne, na ombeni vifungo vya akiba viwili, anatoa bure ukimuomba.

Ila gomesi yenyewe imepita kwenye vumbi, mvua, pikapu na boda, imefuliwa sijui mara ngapi, mabega bado yamesimama. Shangazi alishinda. Aliapa akiwa ameivaa hiyohiyo, na kuna mzee mmoja pale Bombo ambaye hakumpigia kura, mwenyewe alimwambia wazi, alikuja kumshika mkono akamwita mheshimiwa.

Sasa anaongea habari ya kiti cha ubunge, wilaya nzima. Wiki iliyopita nimepeleka elfu 40 ya kutangulizia gomesi ya pili, na Hajati amekataa vipimo vya zamani, anataka aje mwenyewe apimwe upya maana kampeni zimemkondesha. Nendeni kati ya wiki asubuhi, Ijumaa mchana wanafunga kwa swala, Jumapili hawapo.